Maswali ya Wasomaji: Plasma inapokifanya kihami kinywe maji

SWALI: Shikamoo Mama. Nafundisha kemia sekondari hapa Morogoro. Mwanafunzi wangu mmoja amesoma kwamba viwanda vya chipu hukata matabaka ya kuhami umeme kwa plasma, na kwamba plasma hiyohiyo huyaharibu. Akaniuliza, kama inaharibu, kwa nini wasitumie asidi tu? Sikuwa na jibu. Tena mimi mwenyewe nashangaa: kihami chenyewe si ni aina ya kioo? Kioo kinaharibikaje? – Mwalimu, Morogoro

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Mwambie kijana kwamba asidi ndiyo iliyotangulia. Ubaya wake ni kwamba haijui njia. Inakula kwenda chini na inakula kwenda pembeni kwa kasi ileile, kwa hiyo ukitaka mfereji wa kina cha nanomita 100, asidi itakuwa imeshapenya nanomita 100 chini ya kinga, lile tabaka linalofunika pasipotakiwa kukatwa, kushoto na kulia. Zamani mistari ya chipu ilipokuwa na upana wa maikromita kadhaa, hasara hiyo ilivumilika. Siku hizi mfereji wenyewe una upana wa makumi ya nanomita, kwa hiyo asidi itakuachia shimo moja kubwa badala ya mifereji. Plasma, yaani gesi iliyotiwa umeme hadi atomu zake zikagawanyika kuwa ioni na elektroni, inashuka wima. Ioni zake zinavutwa na uga wa umeme unaojijenga juu tu ya wefa, ile sahani ya silikoni, zinagonga sakafu ya mfereji na kuziacha kuta zimesimama. Viwanda vilianza kuhamia huko miaka ya 1970 na hakuna dalili ya kurudi.

Sasa hilo la kioo. Kihami cha zamani kilikuwa kioo kweli, silikoni na oksijeni basi, na kigezo chake cha umeme, ambacho sisi tunakiita k, ni kama 4. Hicho ni kigumu kukiharibu. Lakini waya mbili zilizolala sambamba huku kihami kikiwa katikati ni kapasita, kitu kinachohifadhi chaji, upende usipende, na kapasita hiyo inakua kadiri k inavyopanda. Ishara inachelewa, na umeme unapotea bure katika kuijaza na kuimwaga mabilioni ya mara kwa sekunde. Mwaka 1997 IBM walitangaza chipu zenye waya za shaba badala ya alumini, wakapunguza ukinzani. Ikabaki kapasita. Hapo ndipo wakemia walipochukua kioo kile wakakiingizia methili, k ikashuka hadi karibu 3. Halafu wakakijaza vitundu vya nanomita moja au mbili, k ikashuka tena hadi 2.5 hivi. Hewa ina k ya 1, kwa hiyo kila kitundu ni faida.

Methili unaifahamu kuliko mimi: kaboni moja, haidrojeni tatu. Katika tabaka hili kila methili imeshikwa na atomu ya silikoni, na inafanya jambo moja kubwa, nalo ni kuyakataa maji. Na maji yana k ya 80! Yakiingia kidogo tu kwenye vile vitundu, kazi yote ya kushusha k imeliwa. Chukulia sifongo uliyoilowesha mafuta ya kupikia: ukiidondoshea maji yanateleza. Ioshe kwa sabuni, mafuta yatoke, na sifongo ileile itakunywa kila tone. Plasma ya oksijeni ndiyo sabuni yetu.

Naomba usome kwa makini hapa, maana hata wahandisi wapya hukosea. Wengi wanadhani tabaka linaumia pale ioni zinapoligonga wakati wa kuchonga. Nilifanya kazi miaka mingi upande wa kuchonga katika kiwanda kimoja Dresden, na hatua tuliyoiogopa ilikuwa ile inayofuata, ya kusafisha. Ukishachonga mfereji, juu ya wefa kunabaki fotorizisti, ile dawa inayochorwa kwa mwanga ili kuonyesha wapi pakatwe. Ni mata ya kaboni. Njia rahisi ya kuiondoa ni kuichoma kwa plasma ya oksijeni, inageuka mvuke na kaboni dioksaidi, inavutwa na pampu, wefa inabaki safi kabisa. Tatizo ni kwamba oksijeni haina namna ya kutofautisha kaboni ya dawa na kaboni ya methili. Atomu zake hazina chaji, hazihitaji kusukumwa na uga wowote, zinatembea zenyewe ndani ya vitundu kupitia kuta za mfereji. Kila methili inayokutana nazo inaondoka, na mahali pake panabaki kundi la oksijeni na haidrojeni. Kundi hilo linayapenda maji. Wefa ikitoka tu kwenye ombwe na kukutana na hewa ya chumba, unyevu unaingia, na k inapanda kutoka 2.5 hadi 3 na kitu. Kwa plasma kali inavuka hata ile 4 ya kioo cha kizamani.

Jicho halioni chochote. Wefa iliyoharibika inang'aa kama nzima. Sisi tulikuwa tukivunja kipande cha wefa chenye mifereji, tunakichovya kwenye asidi ya haidrofloriki iliyozimuliwa sana, tunakisuuza, kisha tunakitazama kwa ubavu kwenye hadubini ya elektroni. Asidi hiyo, ikiwa nyepesi kiasi hicho, haina haja na tabaka lenye methili zake. Inalila lililokwisha kugeuka. Kabla ya kuchovya unaona mfereji mzuri, kuta zimenyooka kama zimepimwa kwa timazi. Baada ya kuchovya mfereji umetanuka tumboni, na kinga ya juu imebaki ikining'inia kama ukingo wa paa kwa sababu chini yake hakuna kitu tena. Pima upana kabla, pima baada, toa, gawa kwa mbili: hicho ndicho kina cha uharibifu kwa kila ukuta. Wiki za mwanzo nilikuwa nasikia watu wakisema "nanomita 10 tu" na kudhani ni kidogo. Piga hesabu. Kama nafasi kati ya waya mbili ni nanomita 50 na kila ukuta umeharibika nanomita 10, basi 20 kati ya 50 zimekwenda. Umelipia kihami cha bei mbaya, ukabakiwa na asilimia 60 yake.

Kuna mharibifu wa pili asiyetajwa sana vitabuni, nao ni mwanga. Plasma inawaka. Kupitia kidirisha cha mashine unaiona ya waridi au ya samawati kulingana na gesi, na wageni hupenda kuipiga picha. Mwanga huo mnaoupiga picha hauna madhara. Wenye madhara ni urujuanimno wa mbali ambao kioo cha kidirisha, na hata hewa yenyewe, huumeza kabla haujakufikia. Oksijeni hutoa mawimbi ya nanomita 130, agoni hutoa ya 105 na 107. Fotoni ya nanomita 130, yaani chembe moja ya mwanga huo, ina nishati ya elektrovolti 9.5, wakati kifungo cha silikoni na kaboni hakifiki hata nusu ya hizo. Kwa hiyo fotoni inashuka ndani kabisa ya tabaka, kuliko ioni itakavyofika, inakata kifungo, methili inalegea, oksijeni ikija inakuta mlango uko wazi. Kila mmoja peke yake anaharibu kiasi. Wakiwa pamoja ni balaa.

Ioni nazo? Zinaminya uso wa tabaka, vitundu vya juu vinafungika, panatokea ngozi ngumu ya nanomita chache. Na hiyo ngozi mara nyingine ni msaada, maana inaizuia oksijeni isiingie. Wapo wanaoipitisha wefa kwanza kwenye plasma ya heli makusudi ili ngozi hiyo ijengeke. Kwa hiyo kile ambacho kila mtu anakihofia ndicho kinachoweza kukulinda.

Dawa zimejaribiwa nyingi na sizipendi zote sawa. Ipo ya kurudisha methili kwa mvuke wa kemikali iitwayo kwa kifupi HMDS. Kwenye karatasi inavutia. Ndani ya kitundu cha nanomita moja, molekuli hiyo ni nene. Inatibu mlangoni, inaziba njia, na ndani kunabaki kulivyo. Ipo ya kuacha oksijeni na kusafisha kwa haidrojeni iliyochanganywa na heli, wefa ikiwa na joto na plasma ikiwashwa mbali, ili ioni na mwanga visifike na atomu za haidrojeni tu ndizo zipite. Hiyo ni nzuri ila ni ya polepole. IBM walikuja na wazo la kujaza vitundu vyote kwa plastiki kabla ya kuchonga na kuichoma plastiki hiyo mwishoni. Na kule Leuven, Ubelgiji, katika taasisi ya imec, kundi la Mikhail Baklanov lilichonga wefa ikiwa kwenye baridi ya zaidi ya nyuzi 100 chini ya sifuri, ili mabaki ya kuchonga yagande ndani ya vitundu na kuvilinda. Baklanov ni mtu ambaye, ukitaka kuijua mada hii kwa undani, utakutana na jina lake kila upande.

Lakini iliyotukomboa viwandani haikuwa ya kigeni hivyo. Unaweka juu ya kihami tabaka jembamba la titani naitraidi. Unachora mchoro wako kwenye titani, na hapo hapo, kihami kikiwa bado kimefunikwa na hakijakatwa, unaichoma fotorizisti kwa oksijeni upendavyo. Ndipo unachonga kihami ukitumia titani kama kinga. Oksijeni kali inakuja wakati kuta hazijazaliwa.

Nayo ina karaha yake. Gesi ya kuchongea ina florini, florini inabaki juu ya titani, na wefa ikisubiri hewani, unyevu unaota juu yake vijiwe vya floridi ya titani. Unaichonga jioni ni safi, asubuhi ina vipele. Ndiyo sababu kila kundi la wefa lina saa zake: likitoka kuchongwa lazima lioshwe kabla ya muda fulani kupita, na masanduku yake hupulizwa naitrojeni kavu. Nusu ya ugomvi wa zamu ya usiku na zamu ya asubuhi niliousikia maishani ulikuwa juu ya masanduku yaliyoachwa yakisubiri mashine ya kuoshea.

Kabla hujauliza, Mwalimu: ndiyo, wapo walioamua kuacha hewa tupu kati ya waya. Intel walifanya hivyo kwenye matabaka mawili ya waya katika chipu zao za nanomita 14, mwaka 2014. Mawili tu, kwa sababu waya zisizoegemea kitu hazina wa kuzishika wakati wefa inasuguliwa kwa mashine.

SWALI: Habari Mama. Sisi ni wanafunzi watatu Nairobi, tunajifunza kubuni chipu kwa programu huria ya OpenLane tukitumia kanuni za kiwanda cha SkyWater za nanomita 130. Mchoro wetu ni wa kaunta ya kawaida, saketi ya kuhesabu. Ripoti inasema tumevunja kanuni ya "antena" kwenye waya kadhaa, na programu imeingiza dayodi, vile vijenzi vinavyopitisha umeme upande mmoja, ambazo hatukuziomba. Chipu yetu haina redio. Tunaweza kuzifuta ili tupate nafasi?

JIBU: Msiziguse! Redio haihusiki hapa. Waya inaitwa antena kwa sababu, ikiwa ndani ya mashine ya plasma, inakusanya chaji.

Kihami kinachozungumziwa safari hii ni kingine kabisa, kile cha chini ya geti la transista, yaani ile sehemu inayoiwasha na kuizima transista, swichi ndogo ya chipu. Katika teknolojia yenu kina unene wa nanomita 4 hivi. Oksaidi ya silikoni huanza kuvunjika kwenye volti 1 kwa kila nanomita, kwa hiyo volti chache tu zinatosha. Sasa fikirieni hatua ya kiwandani. Waya za tabaka la kwanza zinachongwa, tabaka la pili bado halijawekwa. Waya yenu ndefu imeshaunganishwa na geti upande mmoja, ila upande wa pili unaning'inia: transista itakayoiendesha itaunganishwa baadaye, kupitia tabaka la juu. Chaji yoyote itakayotua kwenye waya hiyo ina njia moja ya kutokea, nayo ni kupitia oksaidi ya geti.

Plasma ikiwa sawasawa pote, ioni na elektroni zinazofika zinalingana na hakuna tatizo. Haiwi sawasawa. Tena kuna jambo alilolieleza Koichi Hashimoto wa kampuni ya Fujitsu mwanzoni mwa miaka ya 1990: ioni zinashuka wima, elektroni zinakuja kutoka pande zote. Palipo na mistari iliyobanana, kuta za fotorizisti zinazikamata elektroni kabla hazijafika chini, wakati ioni zinapita moja kwa moja. Chini kunajaa chaji chanya hata kama plasma yenyewe haina kosa.

Angalieni vizuri namna kanuni inavyohesabu, maana inafichua fizikia yake. Haihesabu uso wa juu wa waya, inahesabu ubavu. Waya inapochongwa, juu imefunikwa na fotorizisti. Kinachoonana na plasma ni ubavu tu. Tuseme waya yenu ina urefu wa milimita 1 na unene wa maikromita 0.36. Bavu mbili zinatoa eneo la maikromita za mraba 720. Tuseme inaingia kwenye inveta ndogo, saketi ya kugeuza 0 kuwa 1 na 1 kuwa 0, yenye geti la urefu wa maikromita 0.15 na upana, kwa transista zote mbili, wa maikromita 1.65. Eneo ni 0.2475. Gawanyeni eneo la bavu kwa eneo la geti: karibu 2,900. Kikomo kikiwa 400, mmekipita mara saba, na waya ambayo ingepita bila malalamiko ni ya maikromita 137 hivi.

Njia za kutoka ni mbili. Ya kwanza ni daraja: kateni waya karibu na geti, ruka kwenda tabaka la juu, kisha rudini. Wakati tabaka la chini linachongwa, geti linakuwa na kipande kifupi tu. Tabaka la juu linapokuja kuchongwa, waya yote imeshaungana na transista inayoiendesha, na chaji inamwagikia huko. Ya pili ni dayodi hizo mlizowekewa, sidhani kama zina jina zaidi ya sky130_fd_sc_hd__diode_2 kwenye orodha yenu. Zimeunganishwa kinyume, kwa hiyo chipu ikifanya kazi ni kama hazipo, lakini ndani ya plasma, penye joto na mwanga, zinavuja na kuipeleka chaji kwenye silikoni. Gharama yake ni nafasi na kapasita kidogo kwenye waya. Nafasi ikiwabana kweli, ongezeni madaraja, ndipo mwondoe dayodi moja moja huku mkirudia ukaguzi.

Mtasikia mtu akisema, "Mimi niliipuuza na chipu ilifanya kazi." Inawezekana. Oksaidi iliyopitiwa na mkondo haivunjiki papo hapo kila mara. Inabaki na mitego ya elektroni ndani. Mwishoni mwa utengenezaji wefa huokwa kwenye gesi yenye haidrojeni, na haidrojeni inaifunika mitego hiyo, transista inapimwa na kuonekana nzima. Ikishatumika kwa muda, volti na joto vinaifunua. Volti ya kuwashia transista inahama polepole, na kaunta yenu inaanza kukosea kuhesabu siku za joto.

SWALI: Mama shikamoo. Mimi ni fundi simu Kariakoo, mtaa wa Aggrey. Naletewa simu zimekufa, mwenyewe anaapa haijadondoka wala haijaingia maji, na nikipima naona aisii, yaani chipu, imepiga shoti. Ni huo uharibifu wa kiwandani mnaousema?

JIBU: Marahaba, baba. Mara chache sana. Chipu yenye kasoro kubwa hukamatwa kwenye vipimo kabla haijauzwa. Kihami kati ya waya kikiwa kimeingiwa na maji kinaweza kuvuja taratibu hadi kipige shoti baada ya miaka, na viwanda vinakipima hasa kwa ajili hiyo, kwa kukitesa kwa volti na joto. Ila simu ya meza yako nitaanza kuishuku betri, chaja ya mtaani, na maneno ya mteja kuhusu maji.

Kinachokuhusu wewe katika habari hii ni kingine. Vihami hivi vyenye vitundu ni dhaifu. Ukingoni mwa kila chipu kumejengwa ukuta wa chuma kuizunguka pande zote, kuzuia unyevu na nyufa. Ukiitoa aisii kwa kuibanjua na kisu na pembe ikameguka, hata kipande kidogo usichokiona, ukuta umevunjika na unyevu una njia. Aisii itafanya kazi leo, mteja atarudi baada ya miezi. Tumia joto mpaka risasi iyeyuke sawasawa ndipo uinyanyue.

Na bloa yako: aisii iliyokaa kwenye hewa ya Dar imenyonya unyevu kwenye plastiki yake. Ukiipiga joto la ghafla, maji yanageuka mvuke ndani na kupasua matabaka. Zipashe polepole, au zikaushe kwanza saa kadhaa kwenye joto la wastani. Vaa na mkanda wa kuondoa umeme tuli mkononi. Ile oksaidi ya geti niliyowaeleza vijana wa Nairobi haijali kama chaji imetoka kwenye plasma au kwenye shati lako la poliesta.

SWALI: Hujambo Mama. Nasoma uhandisi Nyeri. Kwa kuwa hapa chuo kikuu cha Dedan Kimathi kuna kampuni ya Semiconductor Technologies Limited, wengi wetu tumevutiwa na chipu. Nataka mradi wangu wa mwaka wa mwisho uhusu uharibifu wa vihami kwa plasma, lakini sina mashine ya plasma wala hadubini ya elektroni. Niache?

JIBU: Sijambo mwanangu, usiache. Tafuta mpira wa silikoni wa kumimina wa sehemu mbili, ule wa kutengenezea kalibu. Mfupa wake ni atomu za silikoni na oksijeni, na kila atomu ya silikoni imebeba methili. Ni kemia ileile ya kihami cha k ndogo, ikiwa laini na ya bei nafuu. Imimine kwenye sahani bapa iwe na uso laini, iache ikauke.

Badala ya plasma tumia taa ya kuua vijidudu, ila iwe ya aina inayotoa ozoni, yenye mwanga wa nanomita 185. Hapo unapata fotoni na oksijeni tendaji kwa pamoja, kama ndani ya mashine yetu, ingawa kwa upole zaidi. Iweke karibu na sampuli, sentimita moja hivi, kwa sababu hewa inaumeza mwanga huo haraka. Funga yote ndani ya sanduku la bati, swichi iwe nje, na usilifungue mpaka ozoni imetoka dirishani. Taa hiyo inaunguza macho na ozoni inaunguza mapafu. Msimamizi wako aione mipango kabla hujawasha. Juu ya nusu ya kila sampuli lalisha kipande cha kioo kigusane nayo. Hiyo ndiyo nusu yako ya kulinganishia.

Kipimo chako ni tone la maji. Weka tone moja dogo kwa sindano, piga picha kwa ubavu kwa simu iliyoegemezwa, kisha pima pembe kati ya tone na uso kwenye kompyuta. Kabla ya taa utapata pembe ya zaidi ya nyuzi 100, tone limesimama kama shanga. Kila nusu saa ya mwanga piga tena, utaliona linalala. Chora grafu ya pembe dhidi ya muda, halafu rudia ukiwa umepunguza hewa ndani ya sanduku kwa kupuliza naitrojeni, uone mwanga peke yake unafanya kiasi gani.

Halafu usizitupe sampuli. Zipime tena kesho, keshokutwa, na wiki ijayo, nawe uandike na unyevu wa hewa wa siku hiyo. Pembe itaanza kurudi juu, na mtahini atakuuliza kwa nini. Ndani ya mpira huo wa silikoni kuna minyororo mifupi isiyofungwa ambayo inapanda polepole na kuufunika uso upya kwa methili. Kihami cha chipu hakina minyororo hiyo. Mtandao wake umefungwa wote, kwa hiyo methili iliyokwenda hairudi mpaka mtu airudishe.